Malipo ya Pili

Malipo ya pili ya korosho yametoka Ijumaa.
Foleni ya benki hapa Ruangwa ilifika kibanda cha chipsi,
na mimi, Esha Nangomwa, mtunza hesabu wa watu wanne,
nimerudi na laki tisa ndani ya soksi ya mwanangu
na daftari lenye jalada la twiga.

Tumekaa stoo, nyuma ya duka la pembejeo la Akwino,
juu ya mifuko ya salfa iliyobaki msimu.
Salfa inawasha macho. Huwezi kujua nani analia.

Likapa anasoma bei kwenye simu kama anayesoma tanzia.
"Wiki tatu mfululizo," anasema. "Wiki tatu."
Gramu tuliyouza laki mbili mwezi uliopita
leo mnunuzi anaitazama kwa jicho moja:
laki na sabini, na usimkawize,
pikipiki yake inaunguruma nje.

Somoe anacheka. Somoe hucheka kabla ya hesabu.
"Kumi na tano kwa mia! Nyanya zikishuka hivyo
si unanunua tenga zima?"

Nikafungua daftari.
Sikupandisha sauti, tarakimu hazihitaji.
Kuitoa gramu moja kule chini ni laki na nusu:
dizeli ya karasha, magogo ya matimba,
ubwabwa wa vijana sita, kamba, fungu la mwenye shamba.
Dizeli haijasikia habari za dunia.
Vijana hawapunguzi tonge kwa sababu ya soko la nje.
Basi elfu hamsini ilikuwa yetu,
sasa ishirini.
Dhahabu imekatwa kidole,
hisa imekatwa mkono.

Hata panya wa Akwino walitulia.

"Nauza zangu sita," Likapa akasema. "Nusu bei.
Binti ameitwa chuo Mtwara, ada haingoji."

Akwino akakohoa. "Mwaka ule wa korosho…"
Hakumaliza, hakukuwa na haja.
Bei ilipoanguka shemeji yake alikata mikorosho ekari tatu,
akachoma mkaa.
Msimu uliofuata bei ikapanda,
naye akawa anazunguka shambani kati ya visiki
kama mtu aliyesahau alikoweka funguo.

"Basi tusikate," Somoe akadakia. "Tununue za Likapa!"

Lakini duara si mkorosho, Somoe.
Mkorosho ukiusubiri unarudi na maua Julai.
Shimo halichipui.
Kila gramu inayopanda na kamba imeaga,
haiachi mbegu.
Tuna haraka gani ya kuitoa leo
tumuuzie mtu ambaye hata injini hazimi?
Mwamba hauozi, mchwa haumtamanishi.
Kinachooza ni deni la karasha,
kila mwezi, tarehe tano.

Kuna kipini puani kwa bibi yangu, Nandagala.
Kimekaa pale tangu sijazaliwa.
Kimepanda, kimeshuka, hakuna aliyekiambia.
Lakini bibi hana vijana sita wa kulisha.

Saa nne usiku tukakubaliana, kwa shingo upande:
karasha lizimwe, deni lilipwe kwa korosho,
vijana wapewe nauli na neno la ukweli.
Hisa tatu za Likapa nizichukue mimi,
si kwa nusu bei,
kwa bei iliyo kati ya aibu yake na uoga wangu.
Tatu abaki nazo,
asije akanichukia siku zikipanda.

Soksi ikabaki tupu, inanuka mguu wa mtoto.
Nikaandika jina langu mbele ya zile tatu, kwa penseli.
Akwino akainama kwenye daftari:
"Kwa nini si kwa kalamu?"

Kalamu anayo mwanangu, nikamjibu.
Jumatatu ana mtihani wa hesabu.