Umri wa Injini

Sheria, ukiisoma polepole, si katili.
Inasema: gari la zamani lililoundwa nyumbani
usilipime kwa mwaka wa bodi yake.
Iulize injini. Injini ndiyo yenye umri.
Na mwenye gari akidai ni kongwe, alete barua;
asipoleta, mimi, Hefin Probert,
nachomeka mrija wangu kwenye ekzosi
na namba zinasema zitakavyo.

Jumanne, katika mvua ya Wales, ile isiyonyesha wala isiyokoma,
Tegwen Rosser aliingiza karakanani
kigari chekundu cha fibaglasi, kifupi kama kiatu,
taa za huku, usukani wa kule,
milango miwili isiyojuana.
Mumewe alikiunda kwa majira kumi na moja ya baridi
na kiti akakikata kwa kipimo cha mgongo wake mwenyewe.
Mjane alikalia mto juu ya mto ili aione barabara.

Barua alikuwa nayo, ndani ya mfuko wa nailoni,
imekunjwa mara nne: muhuri wa kiwanda,
namba ya injini, mwaka sabini na nne.
"Idwal alisema ukiiona hii
utautazama moshi kwa macho tu, basi, niende zangu."

Alisema kweli. Nikafungua boneti.
Nikaipangusa namba kwa kitambaa,
nikaipangusa tena,
maana haikuwa ile.

Ningeweza kutoiona. Grisi ilikuwapo ya kutosha.

Hii ilikuwa ya themanini na nane. Bolti mpya.
Mabano yamechomelewa na mtu yuleyule
aliyechomelea fremu nzima kwa mshono ulionyooka kama cherehani,
ila hapa mshono unayumba, unapotea, unarudi.

"Aliibadilisha lini?"
"Hakuibadilisha. Majira yale ya mwisho hakufanya kitu.
Alikaa bandani na hita, redio ikiongea peke yake.
Nilikuwa nampelekea supu.
Mikono ilikuwa mfukoni kila nikiingia."

Injini ni kilo mia na ushei.
Haijipandishi.

Nikachomeka mrija.
Nne nukta moja. Kikomo ni tatu na nusu.
Nikachapa hati ya kushindwa, maana mashine haipokei huruma,
na namba ya injini nikaiandika pembeni kwa kalamu.
Kisha nikamwonyesha skrubu ndogo kwenye kabureta
na tone la rangi ya zambarau juu ya kichwa chake.
Mafundi tunafanya hivyo: ukishapata mahali penyewe,
unapatia alama ya rangi ya kucha, mtu asipaguse.

Tegwen aliinama hadi miwani ikapata ukungu.
"Chupa hiyo niliitafuta mwezi mzima," akasema.
"Nilimsingizia mpwa wangu."

"Robo mzunguko tu na itapita. Lakini rangi itavunjika."

Sikuona akifikiri. Alinyosha mkono kuomba bisibisi.
"Upande gani?"
"Saa inakokwenda."
Kigamba cha zambarau kikamwangukia kidoleni
na hakukipuliza.
Tatu nukta nane. Tatu nukta nne.
Tatu nukta mbili, ikatulia hapo, injini ikinguruma taratibu
kama mtu aliyekubali asichokipenda.

Nikampa hati ya kufaulu.
"Na ile ya kwanza?"
"Ile haina kazi tena."
"Ina namba ya injini yake?"
"Ninayo pembeni, kwa kalamu."
"Basi nipe zote mbili."

Akaziweka pamoja na barua ndani ya nailoni,
akapanga mito yake, akatoka kwa gia ya kwanza muda mrefu mno.
Kwenye kona ya kanisa kigari kikatoa moshi kidogo, wa samawati,
nami nikautazama
kwa macho tu.