Kwa Mwinyimvua, Aliye Hamburg

Mwinyimvua, jina lako limepata nchi yake.
Unasema huko mvua hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Unasema umesoma miaka mitatu
kufuta madirisha. Mitatu, na mtihani,
na cheti chenye muhuri, na bwana mwenye miwani
aliyepitisha kidole kwenye pembe ya fremu,
akakitazama, akaandika.

Nilimsomea Kobelo ujumbe wako juu ya paa,
ghorofa ya kumi na tisa, Barabara ya Ohio,
yeye akikaza fundo kwa meno.
Alicheka hadi kamba ikacheza.
Mimi nilisoma alasiri moja:
Shika hapa. Achia hapa. Usizoee.
Mwalimu wangu alikuwa na njaa, alitaka kwenda kula.

Huko, unasema, upepo ukizidi kipimo
kazi inasimama na mshahara unatembea.
Nimeisikiliza sentensi hiyo mara mbili.
Kwetu upepo ukizidi tunateremka, ndiyo,
na siku inateremka nasi
hadi kwenye daftari la msimamizi, inakuwa sifuri.

Usidhani nalia. Nakupa habari.

Maji yenu yamechujwa hadi yamesahau ladha,
yanakauka yenyewe bila doa.
Yetu yanakuja Jumanne na Ijumaa,
yakija. Tunayapandisha kwa ndoo, na kwa lifti ya mizigo
siku mlinzi akiamka na moyo mzuri.
Kisha sabuni ya unga kidogo, siki kidogo,
ule mpira wenye mkono tunaouita panga,
na mwisho gazeti la jana.
Nimefuta chumvi kwa matokeo ya ligi,
nimefuta vumbi la ujenzi kwa tangazo la mnada.

Na kunguru. Cheti chako kina somo la kunguru?
Mwezi wa kumi wanatotoa nyuma ya viyoyozi,
na anayepita na kamba ni mwizi, basi.
Kobelo ana kovu nyuma ya sikio.
Siku hizi anavaa kofia ya pikipiki
iliyochorwa macho mawili kisogoni.

Watu wa ndani je? Wenu hawakutazami,
unasema ni adabu. Wetu hutazama, hupunga.
Mmoja aliinua kikombe cha chai
upande wake wa kioo kisichofunguka,
akanionyesha tu. Sijui alikuwa akinikaribisha
au akinikumbusha ni saa nne.

Sasa sikiliza la Jumatatu.
Bwana mwenye miwani, uliniambia, alisema
dirisha limekwisha pale lisipoonekana.
Neno hilo lilinikaa. Nikashuka hadi mlango wa benki,
kioo kitupu toka sakafuni hadi darini,
nikaufuta kwa miaka yako mitatu.
Ukatoweka.

Saa tatu akaja Mzee Pazi,
mstaafu, bahasha kwapani,
akauendea mlango kama hewa.
Kishindo kiliwageuza waosha magari ng'ambo ya barabara.
Paji la uso likaumuka kama andazi,
na juu ya kazi yangu, kwa mafuta ya nazi,
ikabaki alama: paji, pua, mdomo wa mtu.

Meneja alinitazama mimi, si mlango.
Akaleta karatasi na kalamu nene,
akanipa niandike, mwandiko wake ni wa daktari.
Nikaandika KIOO, nikabandika usawa wa macho.
Feni inaichezea kona moja.
Mzee alipewa soda. Aliinywa taratibu,
akaisoma karatasi kwa sauti, kisha akasema:
"Sasa ndiyo mmefuta."

Nikakutumia picha. Siku mbili kimya.
Nikajua umekasirika kwa niaba ya fani.
Halafu sauti yako, usiku wa manane, mvua nyuma yake:
ningefeli, ulisema, kwa karatasi hiyo ningefeli.
Ukanyamaza hadi nikadhani umemaliza.
Kisha: Siwema, niandikie nyingine.
Kwa mkono wako, herufi zile zile kubwa.
Mpe mtu anayekuja.

Nimeandika tatu, kwa sababu ya mvua.