Sakafu ya Mwalimu Nasimiyu

Alinipigia simu Jumatatu: "Fundi Nzioki,
nataka sakafu inayozunguka."
Nikadhani anataka duara. Nikabeba bikari ya mbao,
nikapanda Ngara na gunia la vigae vilivyovunjika,
vya kuokota nyuma ya maghala ya Enterprise:
vyeupe vya hospitali, vyeusi vya benki iliyofungwa.

Nilimkuta barazani amepiga magoti, chaki mkononi.
"Huu ni mzingile," alisema. "Si mchezo wa kupotea.
Njia ni moja. Ukishaingia huna pa kuchagua,
unafuata tu. Itakurudisha karibu na mlango
udhani umefukuzwa, kisha ikupeleke ndani."
Warumi waliupanga sakafuni, kwenye nyumba za wenye uwezo,
robo nne kama shamba la urithi:
maliza ya kwanza ndipo uione ya pili.
Pembeni wakazungusha ukuta wa mji, na minara yake,
na malango, kila kitu kidogo kama kiatu cha mtoto.

Nikamuuliza, maana nami nina akili zangu:
hao si ndio walionyoosha barabara
kama uzi wa mwashi, kilima kipasuliwe, kinamasi kijazwe?
Si ndio walioshusha maji toka milimani
kwa mteremko wa unene wa ukucha kila hatua,
na sisi hapa bomba hukohoa Alhamisi tu?
Akacheka. "Hao hao. Na zege lao
walichanganya chokaa na majivu ya mlima wa moto."
Hilo halinishangazi, nikasema. Hata Athi River
husaga mawe ya volkano wakayatia kwenye saruji.
Basi tukaheshimiana.

Lakini mtu aliyenyoosha dunia nzima,
kwa nini nyumbani aipinde njia chini ya kiti chake?
"Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo
mwaka wa themanini na mbili," alisema.
"Bado namtafutia jibu."

Siku ya pili nilivunja kikombe chake.
Cha buluu, chenye ukingo wa dhahabu uliofifia.
Kilikuwa dirishani, kiwiko changu kikakisalimu.
Nikafunga vipande kwenye kitambaa, nikanyamaza.
Wiki tatu alikitafuta, akipapasa rafu
kwa viganja vilivyo wazi. Hapo ndipo nilipoona:
mkono hautafuti hivyo kama jicho lipo.

"Ni presha ya macho," alisema bila kuulizwa.
"La kushoto limekwenda. La kulia linaona chaki,
kwa sasa. Ule mstari mweusi, fundi,
uinue kiasi cha punje ya mchele,
nyayo zangu ziusome."

Nikabomoa yote niliyokuwa nimepanga.
Barasa, kijana wangu wa mkono, alinuna mpaka jioni.
Nikaanza upya, kigae kwa kigae, pekupeku,
nimefumba macho, nikijikwaa, nikirudi.
Miaka thelathini ya kazi
na sikuwahi kuiuliza sakafu inasema nini.

Katikati palibaki wazi. Kwa Warumi, alisema,
hulala mtu mwenye kichwa cha fahali, ameuawa,
na kijana aliyemuua amesimama juu yake.
"Mimi fahali simtaki. Weka unachojua."

Jumamosi alivua ndala. Akaingia lango la kusini,
mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani.
Robo ya kwanza. Ya pili. Kule barabarani
tingatinga lilinguruma likinyoosha kitu.
Akafika karibu nami kabisa, nikafungua kinywa
niungame, njia ikamgeuza, ikamchukua.
Robo ya nne. Kidole gumba kikafika katikati,
kikapapasa ukingo, mara moja, mara ya pili.

"Nzioki."
"Mwalimu."
"Kumbe kilikuwa huku."