Hesabu za Ghala

Kukopa harusi, kulipa matanga:
hilo tulilisikia tangu utotoni.
Kukopesha je?
Hakuna aliyetuambia, tukajifunza wenyewe,
orofa ya nne, mtaa wa Ghala,
Maskati, juu ya duka la matairi.

Ghala. Kwa Kiswahili chetu ni pahala pa akiba.
Nilicheka siku ile, nikampigia mama simu, Mabela:
"Nimepata kazi ya hesabu, ghalani."
"Mna nini humo?"
Pesa za watu, mama.
"Watu gani?"

Watu wa Dubai, wa Riyadhi, wa wapi sijui,
waliotia milioni kumi na moja
wakataka kuuona mstari ukipanda.
Na Mundhir, mwenye wazo, alijua kuupandisha.
Kila Jumapili aliuchora kiooni kwa wino wa kijani,
nasi tukapiga makofi, karaki ikitumwagikia vidoleni.

Sasa nisikilize mimi niliyekaa na daftari.
Muuza matairi akiuza, amemaliza:
tairi limetoka, riali imeingia,
anafunga mlango anakwenda kuswali.
Sisi, mteja akiondoka na mali
ndiyo kwanza tumeanza.
Na kuuza pesa! Nani hanunui pesa?
Punguza bei kidogo, foleni itafika Barka.
Wa mbele si yule mwenye uwezo,
huyo benki imeshamkalisha kitini, imempa kahawa.
Wa mbele ni aliyekataliwa kote,
saa saba ya usiku, simu inakaribia kuzima,
tukamkubali kwa dakika tatu.
Tulijisifia sana hizo dakika tatu.

Mchuzi ulipozidi chumvi tukaongeza maji.
Ukazidi tena, tukaongeza maji.
Mwezi huu mia wamegoma kulipa?
Kopesha elfu wapya, hao mia watapotea humo.
Sufuria ikawa kubwa, wageni wakaja
wakasifu ukubwa wa sufuria.
Hakuna aliyeonja.

Katika kila riali mia tulipata kumi na nane.
Tuliziita ada; lile neno jengine halikutamkwa.
Tisa ni za wenye mali, maana na sisi tulikopa.
Nne za matangazo barabara ya Seebu.
Tatu za mitambo, kodi na kiyoyozi.
Kumi na moja hazikurudi,
na Ghaniya wa simu sauti ilimkauka akizililia.
Jumlisha mwenyewe. Mimi nimechoka.

Nilimwonyesha Mundhir. Akanishika bega:
"Tukiwa wakubwa, hesabu itakaa sawa."
Hasara ya riali moja, nikamwambia,
ukiizidisha mara elfu haigeuki faida.
Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa kuna joto nje.

Machi wenye mali wakaacha kutia.
Barua ya mistari mitano.
Ule mstari wa kijani ukabaki kiooni,
unapanda peke yake, hakuna aliyejisumbua kuufuta.

Jumatano nashuka na kasha langu,
lifti imezimwa, naitukana kwa Kiswahili,
na ngazini mwanamke anapanda, anahema:
"Kumbe mwenzetu! Hapa ndipo pa kulipa?"
Bi Thurea, wa Khoud. Riali arubaini ndani ya pakiti ya tishu.
Alikopa za macho ya mumewe,
na tangu Jumatatu mtambo unazikataa.

Watu elfu tisa daftarini mwangu,
huyu wa kwanza kumwona uso.
Nikamwambia: tumefunga, bibi.
Deni litauzwa kwa mwengine,
huenda usiulizwe tena maishani.
"Sijakuuliza hilo," akasema. "Niandikie."

Nikaketi kwenye ngazi, nikachana karatasi,
nikaandika: Zimepokelewa arubaini.
Zimepokelewa na nani?
Kalamu ikasimama hapo,
naye kasimama juu yangu, anangoja.