Nyuzi Tisini na Tatu

Siku ya tisa tunachemshia chai sebuleni,
birika juu ya kiti, maziwa dirishani,
na Mama anauliza kutoka kwenye kochi
kama jiko linajengwa au linatungwa mimba.

Nyumba hii ya Bethesda
waliijenga wachimba mawe baada ya zamu,
usiku, kwa mikono iliyokwisha kuchoka.
Hakuna kona hata moja iliyowahi kuonana
na mraba wa seremala.

Sisi hatukujua. Tulinunua mbao mbili za lamineti
rangi ya mwaloni (mwaloni wa picha:
ukwaruze kidogo, ni maranda na gundi),
mita tatu kila mmoja, mzito kama deni.
Idwal mbele, mimi nyuma,
tukakwama ukumbini robo saa,
kaka na dada, tukitukanana kwa adabu.

Ngoja kwanza niseme habari za Baba.
Kibao chake cha zamani kilikuwa na mwanya
pale kilipokutana na ukuta, mwanya wa kidole.
Miaka arobaini ulimeza makombo,
kijiko cha chumvi, jino langu la tatu.
Na kila Krismasi lazima mmoja wetu aseme:
"Emrys alipima kwa macho, akakata kwa dua."
Naye hucheka, hujimiminia tena.

Nyuzi tisini, Idwal alisema,
kana kwamba kona zote zilishuka na Musa mlimani.
Nikashikilia kiolezo, mashine ikalia,
vumbi likatua kwenye nyusi, kwenye siagi.
Kisha gundi. Kisha bolti tatu kwa chini,
mimi chali ndani ya kabati,
spana ikizunguka robo,
robo,
robo,
mpaka kiungo kikafumba kama jicho.
Tukasukuma ukutani.

Na pale, upande wa dirisha, ukabaki mwanya.
Wa kidole.

Hakuna aliyecheka.
Idwal akalaza kipimapembe kwenye kona: tisini na tatu.
Akalaza tena, taratibu,
kama mtu anayerudia kusoma barua ya hospitali.
Tisini na tatu.

Nikatoka uani. Kibao cha Baba kilikuwa kinanyeshewa,
nikakigeuza, nikapitisha kidole ukingoni.
Alikuwa ameufuata ukuta, tumbo lake, mbonyeo wake,
amekwangua unywele kwa unywele
mpaka ubao ukamwishia.
Hakutuambia. Labda tulikuwa tunacheka mno.

Tukalegeza bolti kabla gundi haijashika,
tukafuta, tukakata upya
kwa pembe ya nyumba, si ya kitabu.
Ubao ukapungua vidole viwili kando ya jiko la gesi.
Tukaweka kipande cha bati. Kinaonekana.

Jioni Mama akaja na fimbo yake,
akaburuza ukucha juu ya lamineti,
macho amefumba, akitafuta.
"Hapa," akasema.
"Hapo," nikakubali.
Akatua birika juu ya kiungo chenyewe, katikati kabisa,
akasema Emrys angepaka gundi zaidi.