Njia Kavu

Dundee, Januari. Jua hufungua duka saa tatu kasorobo,
saa kumi limeshafunga.
Naingia kazini gizani, natoka gizani:
ndoo ya bluu, deki, na kibao cha manjano
chenye mtu anayeteleza miaka yote bila kuanguka.

Mlangoni mwa chumba cha nne waliandika jina: Mhairi.
Nikalisoma nilivyofunzwa kusoma, herufi kwa herufi,
macho yakajikwaa, nikatamka: Mahiri.
Kicheko kikatoka kitandani.
"Ni Vari. Hizo mbili za mwanzo usizisome zilivyo."
Nikamwambia kwetu herufi haidanganyi,
ikiandikwa, inatamkwa.
"Na hilo ulilosema, lina maana?"
Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.
Kesho yake, chini ya jina, kwa kalamu ya kijani:
Mahiri.

Miaka kumi na sita. Mita elfu moja na mia tano.
Damu yake ilikuwa imemgeuka,
nywele zilikwisha kabla ya Krismasi.
Viatu vyake vya njumu vilikaa dirishani
ndani ya mfuko uliofungwa, sharti la wauguzi,
na tope la Oktoba limekaukia humo humo.
"Huo si uchafu," aliniambia.
Mimi, ambaye uchafu ndio mshahara wangu, nikakubali.

Korido ina hatua thelathini na nne. Yeye ndiye aliyezihesabu.
Alipotaka kukimbia (na tuite kukimbia)
nilipiga deki nusu ya sakafu,
upande wa dirisha nikauacha mkavu,
upana wa mtu mmoja na mlingoti wa dripu yake.
Mizunguko kumi.
Siku mbaya, mmoja.
Siku mbaya kuliko hiyo aliishia kwenye friji ya maziwa,
akatapika ndani ya ndoo yangu,
akaiomba ndoo radhi.

Lakini sikukaa kuandika habari za matapishi.

Aliwaona akina mama wanavyolala wodini:
viti viwili vikitazamana, koti ndilo blanketi,
asubuhi shingo imepinda kama kulabu.
Akaweka kopo la biskuti kwenye meza ya wauguzi:
mzunguko mmoja, pauni moja.
Daktari Pettigrew akatia ishirini, akajifanya amesahau chenji.
Kocha Strachan, mtu mkavu wa maneno,
akatia bahasha, kisha akakaa chooni muda mrefu.
Mimi nikatia pauni mbili. Akanirudishia moja:
"Wewe umeshatoa njia."

Kulikuwa na Fergus, miaka sita, kwenye kiti cha magurudumu.
Walishindana jioni moja, kijiti kikiwa
bomba tupu la karatasi ya jikoni.
Nilimtazama Mhairi akipunguza mwendo
kwa ufundi ambao mtoto asingeugundua,
pua kwa gurudumu, pua kwa gurudumu,
hadi mwisho akakosa kwa unyayo.
Sijawahi kuona mtu akishindwa vizuri vile.
Fergus alimtambia wiki nzima.

Machi vikaja vitanda vinne vya kukunja,
vya kijivu, ukivifungua vinalia kama bata.
Mama yake hakulalia hata kimoja.
Wiki ile ile walimhamishia Glasgow
kupewa uboho wa mtu asiyemjua,
mtu aliyesema ndiyo mahali fulani, akaenda zake.

Watu huniuliza: alipona?
Ninachojua ni kadi iliyofika Aprili, mwandiko ukitetemeka:
*Hapa korido ni hatua ishirini na tisa tu.
Wanapiga deki yote kwa mpigo. Hawajui kazi.*
Amesaini kwa kijani. Si Mhairi.

Msimamizi ameshanionya mara mbili
kuhusu kusafisha nusu nusu.
Namwitikia, ndiyo bibi, ndiyo.
Kisha nachovya deki, naikamua,
naanza na upande wa ukutani.
Wa dirishani nauacha mwisho.