Kipimo cha Hombolo

Mara ya kwanza mashine ilinijibu: sifuri.
Nilikuwa nimeiagiza itafute namba tasa
mpaka milioni kumi, nikasahau
kuiambia inionyeshe hata moja.
Ikang'amua jibu halina mwenyewe,
ikaruka kazi nzima, ikasema imemaliza.
Nimewahi kuajiri vibarua wa namna hiyo. Sikukasirika.

Nikaandika upya: zijumlishe, nisomee jumla.
Sekunde tisa nukta nne.
Tisa nukta tatu. Tisa nukta nne tena.
Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi,
kibaridi cha Juni bado kimelalia bati,
chumba cha takwimu hakina mtu,
feni imetulia kama mgeni siku ya kwanza.
Ningeweza kufunga ripoti palepale,
nikanywa chai, nikawahi gari la mjini.

Lakini hesabu yangu ilikuwa ndogo,
ilienea yote kiganjani mwa mashine;
haikulazimika hata kuinama
kufungua sanduku.
Huko ni kumpima mchukuzi kwa debe tupu
kisha kumsifu mwendo.

Nikabaki.

Saa nane jua lilikuwa limeketi juu ya paa,
vumbi limeingia bila hodi.
Kipimo kilekile: kumi na nne. Halafu kumi na saba.
Mashine ikipata joto hujipunguzia hatua,
kama ng'ombe wanaopandisha kutoka bwawani.

Dirishani alisimama Mama Ndahani
na kadi ya kliniki iliyoliwa pembe na jasho.
Nyemo, karani, akaandika jina. Tukangoja.
Nilihesabu kwa saa ya mkononi:
arobaini na tatu, ndipo faili la mtoto likafunguka.
Mtoto alikohoa mara sita.
Hiyo sikuitafuta, ilijiingiza yenyewe kwenye hesabu.

Fomu ya makao makuu ina kisanduku kimoja,
"Kasi", chenye nafasi ya tarakimu mbili na nukta.
Nimejaza 9.4, maana ndicho walichoomba,
na pembeni, kwa kalamu, nje ya mstari:
43, mchana, foleni watu kumi na tisa.
Sijui nani husoma pembeni.

Nikiwa nafunga mkoba Nyemo akauliza,
"Dada Sechelela, sasa hii mashine ni nzima?"
Nikamwambia inafanya kazi vizuri sana
alfajiri, ikiwa peke yake.
Akacheka, akavuta kadi inayofuata:
"Hata mimi."